Wasifu wa Mtu Aliye Hai

Mpaka leo wako watu wa Adelphi wanaosema nilimzika Mama Odessa Pruitt kabla hajafa. Wanasema nilikosea neno. Sikukosea. Neno ni wasifu, na wasifu ni habari za maisha ya mtu, awe anakula ugali au awe kaburini. Ikiwa Wakenya wenzangu wamelizoea neno hilo kwenye mazishi tu, kosa si la neno, wala si langu.

Mama Odessa alikuwa Mmarekani mweusi wa hapa hapa Maryland. Mwaka huo, 1998, alikuwa na umri wa miaka tisini na mmoja, akiishi Temple Hills katika nyumba ya matofali yenye gereji kubwa kuliko sebule. Mimi nilikuwa mtu wake wa mchana. Nilimpikia, nilimpa dawa zake, nilimshika mkono kwenye ngazi, ingawa hilo la ngazi alilikataa zaidi ya alivyolikubali. Nilikuja nchi hii nikiwa mzee tayari, nimemfuata binti yangu ambaye ni nesi, na sikukubali kukaa kwenye kochi la mkwe wangu nikitazama televisheni mpaka nife. Mchana nilifanya kazi. Jioni nilikwenda shule ya watu wazima karibu na College Park, kama nilivyowahi kusoma jioni Nakuru nikiwa kijana, maana asubuhi za maisha yangu zote zilikuwa za mwajiri.

Kila Jumatatu, kabla hata ya chai, kazi yetu ya kwanza ilikuwa kuwasha injini. Ilikuwa injini ya kufungwa nyuma ya boti, nasi tuliitumbukiza katika pipa la maji nje ya gereji. Mimi nilivuta kamba, Mama Odessa alisikiliza. Jirani alikuwa akifunga dirisha kwa kishindo.

"Anasikia wivu," Mama Odessa alikuwa akisema.

Boti yenyewe ilikuwa ndani ya gereji juu ya trela. Ilikuwa ndogo, ya mbao nyembamba, rangi yake nyekundu imekwisha kuwa kahawia. Chini yake ilikuwa na miguu ya chuma, mbele na nyuma, na kati ya miguu hiyo mabawa membamba yalipangwa kama vidato vya ngazi. Siku ya kwanza nilipoiona nilimuuliza ni mtego wa nini.

"Wa kumtegea mjinga anayedhani boti lazima ilale majini," alinijibu. Mazungumzo yetu yalikuwa ya Kiingereza, nami nayaandika kwa Kiswahili kama nilivyoyasikia moyoni. "Maji ni hewa nzito, Bwana Zef. Bawa la ndege linainuliwa na hewa. Hili linainuliwa na maji. Boti ikikimbia vya kutosha, tumbo lake lote linatoka majini, na vidato vya chini tu ndivyo vinavyobaki vikikata maji. Unaruka, lakini juu ya mto."

Mwalimu wetu wa jioni alipotuambia tuandike maisha ya mtu tunayemjua, sikuhangaika kutafuta.

Niliandika kwamba baba yake Mama Odessa alikuwa mfagiaji katika uwanja wa ndege wa College Park, siku zile ndege zikiwa bado vijiti na kitambaa. Mtoto alipeleka chakula cha baba na kukaa nyuma ya ua akitazama. Alipokuwa msichana mkubwa aliomba kufundishwa kuruka, wakamcheka mpaka wakashika mbavu. Akaenda Chicago, ambako watu weusi walikuwa wameanza kufundishana wenyewe. Akafua nguo za watu mchana, akajifunza siku za Jumapili, akapata leseni yake. Akanunua ndege kuukuu pamoja na kaka yake Ezra, seremala, akarudi nayo nyumbani.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Kuruka alijua, ila hakuwa na pa kutua. Kila uwanja ulikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alikuwa na sababu yake. Siku moja alitua katika shamba la tumbaku huko kusini, mwenye shamba akampokea na bunduki. Mama Odessa akaenda nyumbani akafikiri. Uwanja una mwenyewe. Shamba lina mwenyewe. Je, mto una mwenyewe gani? Akauza ndege. Yeye na Ezra wakajenga boti yenye mabawa.

Kiangazi cha mwaka 1941, katika kijito cha Piscataway kinachoingia mto Potomac, boti ikapaa. Mama Odessa alikuwa ndani. Ezra alikuwa ukingoni, wala hakuwapo mwingine. Mama Odessa akaenda kwenye magazeti kutoa habari. Swali lilikuwa moja: nani aliona? Akasema, kaka yangu. Wakamwonyesha mlango. Yeye na Ezra wakaanza kujiandaa kurudia mbele ya watu, lakini vita vikaja, Ezra akaenda, hakurudi. Miaka mingi baadaye Mama Odessa alinunua injini mpya na kuualika ukoo wake wote mtoni. Hakuja hata mmoja. Watu wake walikuwa wamekwisha kuamua kwamba amerukwa na akili. Akaifunika boti.

"Mbona hukuipeleka mwenyewe?" nilimuuliza.

"Kupaa bila shahidi nimeshapaa. Kurudia ndiyo nini?"

Hayo yote niliyaandika. Mwalimu alinirudishia karatasi, na chini yake ameandika: Insha nzuri, lakini je, ni kweli? Nilimwonyesha Mama Odessa. Hakukasirika. Alitabasamu kama mtu anayekutana tena na mtu anayemdai heshima.

"Yule yule wa magazetini," alisema. "Amebadilisha nguo tu."

Mwezi wa tano, mpwa wake aitwaye Cheryl akauza nyumba. Cheryl alikuwa mwanamke wa makamo, mfanyakazi wa ofisi ya serikali mjini Washington, na ndugu pekee aliyebaki. Sitamsema vibaya. Shangazi alikuwa ameanguka bafuni mara kadhaa, na Cheryl alikuwa amechoka kushtuka kila simu ilipolia. Alimpatia nafasi katika nyumba ya wazee. Vitu vingine viligawiwa majirani na marafiki. Boti hakuna aliyeitaka, basi Cheryl akapatana na mtu wa vyuma chakavu aje na lori Jumamosi, adhuhuri.

Mama Odessa alisikiliza habari hiyo akinywa uji wake. Alipomaliza aliniita.

"Ile insha yako. Nataka isomwe mbele ya watu kabla lori halijaja. Hapa hapa nyumbani."

"Kwa Kiingereza?"

"Kwa Kiingereza wameshakataa kuisikia. Isome kwa lugha yako."

Usiku ule niliitafsiri. Kesho yake nikampigia simu Chepngetich, katibu wa ushirika wetu wa ibada ya Kiswahili wa Adelphi, mama wa Kericho mwenye sauti ya kuongoza mkutano. Watu wa ushirika walimjua Mama Odessa, maana mara mbili nilikuwa nimempeleka kwao, akakaa mstari wa mbele na kulalamika kwamba mahubiri hayaishi. Nikamwambia Chepngetich atangaze: Jumamosi asubuhi, nyumbani kwa Mama Odessa huko Temple Hills, Mzee Zefania atasoma wasifu wake. Sauti ya Chepngetich ikashuka.

"Pole sana, Mzee," akasema.

Nilidhani ananipa pole kwa ajili ya nyumba kuuzwa.

"Ahsante," nikamjibu. "Ndivyo dunia ilivyo. Zamu yake imefika."

Jumamosi nilimkalisha Mama Odessa barazani katika kiti chake, amevaa suruali ya kazi na koti la ngozi la zamani. Nilikuwa nimetarajia watu wachache. Yakaja magari, yakajaza barabara pande zote mbili. Wakashuka watu wamevaa nguo nyeusi. Tobias, Mjaluo mnene anayehamisha samani za watu, aliingiza pikapu yake imejaa viti vya kukunja. Mwatumu, mama wa Tanga, alishika sufuria ya pilau imefungwa kanga. Chepngetich alitangulia na shada la maua lenye utepe mweupe. Na Kasoki, Mkongomani wa Butembo ambaye huwa hafanyi jambo nusu nusu, alianza kulia tangu kwenye lango.

"Mama yetu eee! Umetuacha na nani, Mama!"

Alifika ngazi ya baraza, akainua macho, akamwona marehemu anamtazama. Kilio kilikatika kama redio iliyochomolewa.

"Kumbe eko muzima," alisema Kasoki. "Sasa mimi nalia bure?"

"Mzee Zefania!" Chepngetich aliliweka shada chini. "Nimepigia watu simu mpaka Baltimore!"

"Kuwaambia nini?"

"Si ulisema utasoma wasifu?"

"Nilisema, na nitausoma."

"Wasifu husomwa mbele ya jeneza, Mzee! Kwetu ukimsomea mtu aliye hai wasifu umemchimbia shimo."

"Lete kamusi," nikasema.

"Mimi niliomba ruhusa kazini," Tobias aliingilia. "Nimewaambia nimefiwa na shosho, bibi mzaa mama. Sasa Jumatatu niwaambie nini, amefufuka?"

Mwatumu alishusha pilau yake kwenye ukuta wa baraza. "Jamani, tusimwonee mzee wa watu. Wasifu ni wasifu. Kwetu hata ukiomba kazi unatakiwa wasifu. Mimi wangu nimeupeleka hospitali tatu, mbona sijafa?"

"Na bado unavaa nyeusi," Chepngetich alimjibu.

"Nyeusi yanipendeza."

Mama Odessa alikuwa akigeuza kichwa toka kwa huyu mpaka kwa yule. Hakujua Kiswahili, lakini shada la maua halina lugha. Alinyoosha kidole kwenye utepe.

"Pale pameandikwa nini?"

Nilitamani nisijibu. "Pameandikwa pumzika kwa amani."

Aliwatazama watu wote waliojaa kwenye majani ya uwanja wake.

"Waambie sijachoka," akasema.

Niliwaambia. Kasoki akaanza kucheka huku machozi ya kilio bado yanamtiririka, na kicheko kikaenda mpaka barabarani. Ndipo Cheryl alipofika kulisubiri lori. Aliona watu wenye nguo nyeusi na shada la maua, akaziachia funguo zake zikaanguka.

"Shangazi!"

"Niko hapa. Punguza sauti, watu wako matangani kwangu."

Viti vya Tobias vikapangwa. Nikasimama nikasoma. Nilisoma kwa sauti ya kutosha, na sikuruka sentensi. Nilipofika "akaenda Chicago, akajifunza kuruka," Tobias aliuliza kwa nyuma, "Alimruka nani?" maana kwetu Kenya kumruka mtu ni kumkana, na watu wakacheka. Nilimsubiri amalize. Nilipofika kwenye shamba la tumbaku na bunduki hakucheka mtu. Nilipofika kijito cha Piscataway, Mwatumu alishika kiuno akasema, "Ikapaa! Mwanamke yule!"

Cheryl alikuwa amesimama mlangoni. Alimwinamia shangazi yake. "Anasoma nini huyu?"

"Maisha yangu. Amefika mwaka arobaini na moja."

Uso wa Cheryl ukabadilika. Alisema polepole, kama unavyosema na mtoto aliyeamka katika ndoto. "Shangazi, ile ya boti kupaa ni hadithi. Mama alinieleza. Uliipenda sana na ukaiamini."

"Mama yako alikuwepo?"

"Hakukuwepo mtu. Ndiyo shida yenyewe."

Mama Odessa alishika mikono ya kiti, akasimama bila mimi. "Basi leo wapo. Tena wamevaa vizuri." Akanigeukia. "Bwana Zef, waulize. Walikuja kunibeba mimi. Je, wanaweza kubeba boti?"

"Lori linakuja adhuhuri," Cheryl alisema.

"Basi tusichelewe."

"Sitakuruhusu. Ukianguka majini ni mimi nitakayeulizwa."

"Nyumba ulikuwa na karatasi ya kuiuza, ukaiuza, sikukuzuia. Nitakwenda huko unakonipeleka. Nitakula chakula chao laini. Lakini sitaingia mlango ule nikiwa bibi aliyeota ndoto. Nitaingia nikiwa mtu aliyepaa, na watakaonibishia nitawapa namba za simu za watu hawa wote. Unataka kunizuia, nizuie. Hapa mbele yao."

Cheryl aliwatazama watu. Nami niliwatafsiria neno kwa neno, sikupunguza. Tobias ndiye alikuwa wa kwanza kuvua koti la suti.

"Trela ina upepo kwenye tairi?" aliniuliza.

"Nimejaza Jumatatu."

"Haya, tusukume. Matanga bila kubeba kitu si matanga."

Wakaisukuma toka gerejini watu waliojipanga kama wachukuzi wa jeneza, wanawake na viatu vya visigino, wanaume na tai. Kasoki aliimba wimbo wa kusukuma wa kwao, na mahali pa kuitikia wote waliitikia hata wasiojua maneno. Tobias aliifunga trela nyuma ya pikapu, tukashuka barabara ya Indian Head kwa msafara, taa za mbele zimewashwa. Magari mengine yalitupisha kwa heshima, yakidhani ni mazishi. Cheryl alimchukua shangazi yake katika gari lake. Sijui walisemezana nini njiani. Nilipowafungulia mlango kule mtoni wote wawili walikuwa wamekunja midomo.

Kijito cha Piscataway ni kipana hapo penye mteremko wa saruji wa kushushia boti, na siku hiyo maji yalikuwa yametulia. Cheryl alienda kwa watu waliokuwa na boti zao pale, akaazima majaketi mawili ya kuelea, akamfunga shangazi yake kwa nguvu kama anayefunga mzigo. Tobias aliifunga injini nyuma ya boti, akaingia naye ili avute kamba. Injini ikaitika. Boti ikaondoka, tukajipanga ukingoni.

Ilikimbia. Ilikimbia moja kwa moja, moshi nyuma, mawimbi mawili yakifunguka. Pua yake iliinuka kidogo. Mwatumu akasema, "Haya, haya, haya." Pua ikashuka. Ikajaribu tena, ikashuka tena. Wakaenda mpaka karibu na Potomac, wakageuka, wakarudi, na tumbo la boti halikuachana na maji hata kwa unene wa ukucha.

Walipofika ukingoni hakuna aliyejua pa kutazama.

"Imejaribu, maskini," alisema Chepngetich.

Mama Odessa aliisikia sauti. "Anasema nini?"

"Anasema imejaribu, maskini."

"Mwambie huruma ni ya maiti, na leo amekosa maiti."

Cheryl aliingia majini mpaka viatu vikalowa, akashika ukingo wa boti. "Shangazi, basi. Nimeona. Sote tumeona. Inatosha."

"Umeona nini?"

Cheryl alianza kuivuta boti kuelekea saruji.

"Hujaona kitu. Usishukuru kwa chakula ambacho hakijapakuliwa." Akamgeukia Tobias, akamkagua toka kichwani mpaka kwenye mkanda. "Kijana, una uzito gani?"

"Mama, hiyo ni siri ya serikali," alisema Tobias, na hata Cheryl aliinamisha uso kuficha kicheko.

"Toka kwenye boti yangu. Tulikuwa na Ezra mwembamba ukingoni na mimi mwembamba ndani. Mabawa haya hayakuchongwa kuinua kabati." Macho yake yakanitafuta. "Bwana Zef. Wewe ni mfupa mtupu, na mimi kamba siiwezi. Ingia."

Mimi ni mtu wa vilima. Sikupata kuogelea maishani, na maji ninayoyaamini ni yale yaliyo ndani ya sufuria. Watu wote walinitazama. Nilikumbuka kwamba asubuhi ile ile, kwa sauti yangu mwenyewe, niliwasomea kwamba boti hii ilipaa. Sikusema inasemekana. Sikusema eti. Nilisema ilipaa. Nikavua viatu, nikamkabidhi Kasoki, nikavaa jaketi alilolivua Tobias.

"Mzee, ukizama tutasoma wasifu wako," Chepngetich alisema.

"Usome vizuri," nikamjibu.

Tulitoa nanga, tukatoa kopo la petroli la akiba na ubao wa kiti cha nyuma. Mama Odessa alinionyesha mahali pa kukaa, mbele sana, magoti kifuani. Nilivuta kamba kwanza, kama kila Jumatatu, kisha nikatambaa mpaka mahali pangu. Akaishika injini mwenyewe.

Tulianza taratibu. Kisha akaongeza, na tumbo la boti likaanza kupigapiga juu ya maji kama mlango kwenye upepo. Kila pigo nililisikia kwenye meno. Nilitaka kumwambia apunguze. Nyuma yangu alipaza sauti, "Inama mbele! Mbele zaidi!" Nikainama mpaka kidevu kikagusa mbao.

Kupigapiga kukakoma.

Nilidhani tumezama. Kisha nikatazama pembeni, nikaona kivuli cha boti kinakimbia juu ya maji, na kati ya kivuli na boti palikuwa na mwanga. Tulikuwa tumeachana na maji. Chini yangu vidato vilitoka kimoja baada ya kingine, vinachuruzika, na kile cha chini kabisa kilikata mto bila kelele, kama kisu kwenye sabuni. Nilipiga ukelele. Sikumbuki neno. Huenda halikuwa neno.

Tukapita mbele ya watu. Vigelegele vya Mwatumu vilisikika juu ya injini. Tobias alikuwa amerusha tai yake hewani. Tukawaacha, tukaenda mpaka maji yalipofunguka, akageuza mduara mpana, boti ikashuka, tukatulia.

"Turudi ukingoni," nikasema. Moyo wangu ulikuwa bado uko kijitoni.

"Bado. Yule rafiki yako anayelia, alifumba macho. Alikuwa anasali. Shahidi aliyefumba macho si shahidi." Akafungua injini tena. "Inama."

Tukapaa mara ya pili. Safari hii sikuinamisha uso wote. Nilimwona Kasoki ameshika viatu vyangu juu ya kichwa, macho yamemtoka. Nikamwona Cheryl majini mpaka magotini, hapigi makofi, hapungi mkono, anatazama tu.

Walituvuta ukingoni wote kwa pamoja, boti ikakwama kwenye saruji na wao bado wanavuta. Kila mtu alikuwa anasema.

"Ilipaa mpaka hapa!" Tobias alishika kiuno chake.

"Wapi! Kifua!" Chepngetich alisema. "Mimi nilikuwa naona daraja chini yake!"

"Hakuna daraja hapa, mama," Tobias alimjibu.

"Kifua, nimesema! Nitawaambia hata watu wa Baltimore!"

"Mimi niliona ndege kabisa," alisema Kasoki. "Avion."

Mama Odessa alikuwa amekalishwa kwenye kiti kimoja cha matanga, amelowa suruali, anapumua kwa nguvu. Alinivuta mkono. "Wanagombania nini?"

"Wanagombania ulipaa kiasi gani. Wengine wanasema kiuno, wengine kifua."

"Waongo!" Alijaribu kusimama akashindwa, akapiga kiti kwa kiganja. "Miaka yote nimeitwa mwongo, na leo nimepata mashahidi, nao ni waongo! Nyamazeni!"

Hakuna aliyehitaji tafsiri. Wakanyamaza.

"Cheryl," aliita. "Njoo hapa. Wewe hukuniamini hata siku moja, kwa hiyo huna sababu ya kuniongezea. Ilipaa kiasi gani?"

Cheryl alitoka majini. Suti yake ya kijivu ilikuwa imegandamana na miguu. Alisimama mbele ya shangazi yake na mbele yetu sote, na kwa muda nilidhani atasema haikupaa. Kisha akainama, akaweka ukingo wa mkono wake juu ya mguu wake mwenyewe, pale alipopaona, akaushikilia hapo ili kila mtu aone. Ulikuwa chini kidogo ya goti.

"Hapo," alisema.

"Hapo hapo," alisema Mama Odessa. "Kama mara ya kwanza."

Tobias alikuwa ameirudisha boti juu ya trela. Alikuja akifuta mikono kwenye shati lake jeupe. "Sasa Dada Cheryl, hii tunaipeleka wapi? Maana mtu wa vyuma saa hizi amekwisha kufika kule nyumbani."

Cheryl hakuwa bado ameutoa mkono pale chini ya goti.

"Mwambieni aende," akasema.

Chepngetich alinong'ona kwa Mwatumu kwamba kwa vyovyote ilikuwa kiuno. Mama Odessa alimwona akinong'ona.

"Bwana Zef," alisema, "mwambie yule mama nimemsikia."